Gari Linakula Oili, Wakala Anasema ni Kawaida: Dhana Potofu na Ukweli

Nafanya kazi kwenye gereji ya wakala wa magari hapa Texas. Kwa kuwa pale hakuna mwingine anayezungumza Kiswahili, Mkongomani, Mkenya, Mtanzania au Mrundi mwenye gari linalokula oili mwishowe huelekezwa kwangu, na wengi hufika wakiwa wameshagombana na watu wa mapokezi. Nikiuliza historia ya tatizo, jibu ni lile lile: "Fundi, mbona nilishawaambia?" Nimelisikia mpaka limenichosha.

Dhana: "Nilishawaambia, kwa hiyo wanajua."

Hawajui. Uliyemwambia ni kijana wa kaunta, tena wakati anakuchapishia bili ya servisi na nyuma yako kuna foleni. Akaitikia kwa kichwa, akasema watalitazama. Leo kijana huyo ameshahamia kwa wakala mwingine, na kwenye kompyuta historia ya gari lako inasomeka: amebadilisha oili, amezungusha matairi, hana malalamiko.

Kinachohesabika ni karatasi ya kazi, ile inayofunguliwa kila gari linapoingia gereji. Ina tarehe, namba ya odometa (maili ambazo gari limetembea), malalamiko ya mteja, alichokiona fundi na alichokifanya. Malalamiko yako yaandikwe humo kabla hujakabidhi ufunguo, na yawe na namba: "Oili inapungua kati ya servisi, nimeongeza chupa mbili ndani ya maili 2,500." Usiandikishe "injini ina shida", maana shida ya namna hiyo huandikiwa "hatukuona tatizo" na mambo yanaishia hapo. Kisha usiondoke bila nakala. Hata kama hawakufanya chochote, chukua nakala. Tena hasa kama hawakufanya chochote.

Watu hudhani huu ni urasimu wa kuwazungusha. Sikilizeni jinsi pesa inavyokwenda. Kazi ya waranti, yaani dhamana ya gari, inalipwa na kiwanda kilicholitengeneza, kwa saa kilizopanga chenyewe na kwa vielelezo kinavyovitaka. Kufungua injini ubadilishe pistoni na ringi (pete zinazoizunguka pistoni), au kuweka bloku mpya, ni kazi ya maelfu ya dola. Wakala akiifanya bila kipimo kilichoandikwa, kiwanda kinaweza kulikataa dai lake na hasara ikabaki kwake. Kwa hiyo hata ukija na shemeji mwenye sauti nene, hakuna meneja atakayekufungulia injini kwa sababu ya kelele. Lakini ukija na karatasi, naye anapata cha kuwaonyesha wakubwa wake.

Karatasi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa kipimo cha matumizi ya oili, na hapa ndipo wateja wangu wanapoharibu. Gereji inabadilisha oili na filta, inajaza mpaka alama ya juu, inaandika odometa, na mara nyingi inatia alama au lakiri kwenye plagi ya sampu (ya kumwagia oili chini ya injini), mfuniko wa oili na dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ili ionekane kama kuna mtu amegusa. Unaendesha kama kawaida yako, kwa kawaida maili 1,000 hadi 1,200. Unarudi, oili iliyobaki inapimwa, tofauti inaandikwa. Ni hivyo tu.

Kaka mmoja aliongeza chupa njiani, akaja kutueleza kwa fahari kwamba hakuiacha injini ikauke. Kipimo kikaanza upya. Mwingine alipitia duka la servisi ya haraka kwa sababu alikuwa na kuponi! Dada mmoja alirudi akiwa amepitiliza maili 3,000, maana alikuwa safarini kwenye harusi Minnesota. Jamani, ukipewa maili 1,200, rudi kwenye maili 1,200. Oili ikishuka chini ya alama ya chini kabla ya hapo, usiendelee kuendesha na usiongeze kimyakimya. Piga simu, peleka gari, wao ndio waongeze na waandike.

Halafu kuna suala la muda. Waranti ya injini na gia kwa Toyota, Honda na Subaru Marekani ni miaka 5 au maili 60,000, chochote kitakachotangulia. Kipimo kimoja kinakula maili zaidi ya elfu moja, na mara nyingi hufuatiwa na cha pili baada ya kubadilisha valvu ya kupumulia injini, ambayo ni rahisi na ndiyo hujaribiwa kwanza. Mtu anayeanza kulalamika akiwa na maili 59,500 amejitafutia mbio zisizo za lazima. Ukigundua gari linapunguza oili likiwa na maili 30,000, nenda likiwa na maili 30,000. Na kama umechelewa, nenda leo, karatasi ifunguliwe leo, maana lalamiko lililoandikwa ndani ya waranti lina nguvu ya kudai hata kama kipimo kitaisha nje yake. Lalamiko la mdomo halina.

Ushauri wangu ambao wateja wanauona wa kizee: weka daftari dogo kwenye gari. Kila Jumamosi, gari likiwa limesimama pahali sawa na injini imezimwa dakika kadhaa, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena, andika. Piga picha ya dipstiki na papo hapo picha ya odometa. Simu itaweka tarehe yenyewe. Risiti za oili unayoongeza zibane humo humo. Nimeona madai yaliyokwama yakisogea kwa sababu ya daftari la namna hiyo.

Dhana: "Wakala amesema ni kawaida, basi yameisha."

"Kawaida" ni namba, na una haki ya kuiuliza. Chupa ninayoitaja hapa ni ile ya robo galoni, lita moja kasoro kidogo. General Motors kwa miaka mingi imeandika kwamba chupa moja kila maili 2,000 inakubalika. Toyota ilitumia kikomo cha chupa moja kila maili 1,200. BMW imekuwa ikitaja chupa moja kila maili 750, namba ambayo mimi binafsi naiona ni ya kumchosha mteja, lakini ndiyo iliyoandikwa. Mwambie aliyekupokea akuonyeshe namba ya injini yako na aandike matokeo yako kando yake. Gari linaweza kweli kuwa ndani ya kikomo leo, likavuka baada ya maili 10,000, na karatasi ya leo ndiyo itakayoonyesha kwamba hali inazidi.

Fanya hesabu uone kwa nini neno "kawaida" halitoshi. Injini ya Toyota 2AZ-FE, ya Camry ya lita 2.4, inachukua oili kama lita 4.3. Ikila chupa moja kila maili 1,200, ukikaa maili 5,000 bila kufungua boneti imekwisha kula karibu lita 3.9.

Injini hiyo hiyo ndiyo mfano bora wa jinsi kawaida ya jana inavyogeuka kasoro ya leo. Wenye Camry za 2007 hadi 2009 na RAV4 za 2006 hadi 2008 walirudishwa nyumbani wakiambiwa hakuna tatizo. Mwaka 2011 Toyota ikatoa waraka wa kiufundi kwa mafundi wake kuhusu pistoni na ringi za injini hiyo, na mwaka 2015 ikaja na mpango wa kurefusha waranti, ZE7. Aliyeshindwa kipimo cha maili 1,200 alibadilishiwa pistoni na ringi bila malipo. Subaru nayo, baada ya kesi ya pamoja ya wateja iliyomalizwa kwa maridhiano mwaka 2016, ilirefusha waranti ya injini za Forester za 2011 hadi 2014 na baadhi ya ndugu zake kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 8 au maili 100,000. Waliofaidi haraka walikuwa wale wenye karatasi.

Mipango hiyo ina mwisho. Usije leo na Camry ya 2008 ukitaja ZE7. Muda wake umepita, utalipa mwenyewe. Na waraka wa kiufundi si agizo la kurudisha magari: ni maelekezo kwa fundi namna ya kutengeneza, na nani analipa inategemea waranti yako. Magari ya 2AZ yaliyokwenda Afrika Mashariki kutoka Japani, kina Alphard na Harrier za lita 2.4, hayakuwahi kuguswa na mpango huo hata kidogo, kwa hiyo msimwambie binamu wa Nairobi akadai.

Wakala akigoma kabisa kupima, hatua inayofuata si kurudi kesho na hasira. Piga simu huduma kwa wateja ya kiwanda chenyewe, namba imo kwenye kitabu cha waranti, uombe namba ya kesi. Kisha peleka gari kwa wakala mwingine wa chapa ile ile. Waranti ya kiwanda haifungwi kwa wakala aliyekuuzia, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wanakuja kwangu wamenuna.

Dhana: "Taa haijawaka."

Taa nyekundu ya oili ni ya presha. Haipimi kiasi. Ikiwaka kwa sababu oili imekwisha, pampu imeshaanza kunyonya hewa na vyuma vinasuguana. Baadhi ya magari yana taa ya njano ya kiasi. Mengi mnayoyanunua, kwa umri wake, hayana. Dipstiki haigharimu kitu.

Dhana: "Halitoi moshi wala halidondoshi, kwa hiyo halili oili."

Ringi za kukwangua oili zikiziba kwa masizi, oili kidogo kidogo hubaki kwenye kuta za silinda na kuungua pamoja na petroli. Kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi humalizia kinachobaki. Gari linaweza kula chupa kila maili 1,200 na nyuma usione bluu yoyote. Kwa hiyo sakafu safi ya gereji yako inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba halivuji.

Dhana: "Nikibadilishia oili nje, waranti inakufa."

Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, inamkataza mtengenezaji kukulazimisha ufanye servisi kwa wakala wake ili waranti iendelee, isipokuwa huduma hiyo anakupa bure. Badilisha popote, hata nyuma ya nyumba na kaka yako.

Tatizo letu Waswahili ni kwamba kaka haandiki risiti. Nunua oili ya daraja lililotajwa kwenye kitabu, nunua filta, tunza risiti zote mbili, andika tarehe na maili juu yake. Kiwanda kikidai kwamba injini imeharibika kwa kukosa servisi, bahasha hiyo ndiyo jibu lako. Bila bahasha, tutabaki kubishana, na mimi siwezi kukusaidia hata tukiwa tumetoka kijiji kimoja.

Dhana: "Niliyenunua kwake ndiye atakayetengeneza."

Kama ni wakala wa chapa hiyo, nimeshaeleza. Kama ni yadi ya magari yaliyotumika, soma karatasi ya Buyers Guide ambayo sheria inataka ibandikwe kwenye gari. Kisanduku cha "As Is" kikiwa na alama, katika majimbo mengi umelichukua lilivyo na yadi haidaiwi chochote. Kilichobaki ni waranti ya kiwanda, kama ingalipo. Na hapo wenye Hyundai na Kia wawe makini: ile miaka 10 au maili 100,000 inayotangazwa ni ya mnunuzi wa kwanza. Ukinunua mkononi kwa mtu, unarithi miaka 5 au maili 60,000, ikihesabiwa tangu gari lilipoanza kutumika.

Dhana: "Weka oili nzito."

Injini iliyotengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 ukaitia nzito ya 20W-50 inaweza kupunguza ulaji kwa muda, ringi zikiendelea kuziba. Umempa pia wakala sababu ya kukukatalia, kwa maandishi. Dawa za chupa za kumimina nazo ni hadithi hiyo hiyo. Gari likiwa nje ya waranti kabisa, fanya utakavyo.

Dhana: "Nitalipeleka nyumbani, mafundi kule ni rahisi."

Hii nawasikia zaidi ndugu zangu wa Goma na Bujumbura, kwa kuwa usukani wa kushoto wa Marekani unafaa barabara zao. Vitabu vingi vya waranti ya Marekani vinaeleza wazi ni nchi zipi gari linahudumiwa, na Kongo na Burundi hazimo. Gari likishapanda meli, haki yako imebaki bandarini Houston. Kama lina maili 45,000 na linakula oili, libakize hapa miezi miwili zaidi, limalize kipimo, libadilishiwe ringi kwa pesa za kiwanda, kisha uliweke kwenye kontena. Fundi wa Goma anaweza kuifungua injini hiyo vizuri tu, ila ringi na pistoni za modeli ya Marekani utamtumia wewe, na atakupigia simu ya pesa ukiwa zamu ya usiku.