Gobore la babu halitumwi kama zawadi ya harusi

Kila ifikapo Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa ajili ya kusalimisha silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria, simu huongezeka kwenye dawati letu la forodha. Ajabu ni kwamba wengi hawaulizi habari ya kusalimisha. Wanauliza namna ya kutuma. Bunduki ya babu imekutwa darini baada ya msiba, mjukuu yuko Uingereza au Marekani, anaitaka aitundike sebuleni. Hatuna sababu ya kuwadhania ubaya watu hawa. Lakini karibu wote hufungua mazungumzo kwa maneno yaleyale: "Ya zamani sana hii, haipigi, kwa hiyo si silaha."

Ni silaha. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, linahitaji leseni, na leseni ni ya mtu. Hairithiwi kama shamba la mikorosho. Aliyekuwa nayo akifariki, wanaobaki wanapaswa kwenda polisi na silaha ikaandikwe upya au ikabidhiwe. Hatua hiyo inatangulia kila kingine, na bila hiyo sisi huku hatuna cha kupokea.

Kinachowachanganya watu ni umri. Mtu amesoma mahali kwamba bunduki ya kale haibanwi na sheria, naye hajajiuliza ni ya kale kwa nani. Marekani, sheria yao ya mwaka 1968 inaita ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Lakini ukitaka kuitoa huko kwenda nje, kanuni za usafirishaji zinatazama kabla ya 1890. Uingereza, kanuni za mwaka 2021 zimeweka mpaka wa Septemba 1, 1939, na hapohapo wanaangalia aina ya mtambo na risasi inayotumika. Mwaka huohuo waliondoa aina saba za risasi kwenye orodha yao ya zilizopitwa na wakati, kwa hiyo bastola iliyokuwa pambo juzi, leo inadaiwa cheti. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha inasema iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale kwa hali yoyote. Kwa hiyo Mauser ya M71, ile waliyobebeshwa askari wa Wajerumani, inaweza kuwa kitu cha kale ikifika Chicago, na hapa Dar es Salaam ikawa bunduki kamili inayohitaji kibali cha Msajili wa Silaha kabla haijagusa uwanja wa ndege.

Halafu kuna jambo ambalo wenye mali hawapendi kulisikia. Sura ya bunduki haithibitishi umri wake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia ukanda huu wote wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na kwa baruti ya kawaida. Viwanda vya Birmingham na Liège vikaendelea kuzitengeneza kwa soko la Afrika hata karne ya 20 ilipoanza. Ongeza hapo mafundi wetu wa vijijini, ambao mtutu wao mara nyingi ulianza maisha kama bomba la maji. Yote hayo yanaonekana ya enzi za misafara. Mengi si ya enzi hizo.

Nitoe mfano mmoja. Sanduku lilifika uwanjani likiwa limeandikwa "mapambo ya ukutani". Kwenye mashine ya mionzi mtutu ulionekana wazi kama mfupa. Mzee mwenye mzigo aliitwa, akaja na kanzu yake safi, akasema, "Mwanangu, hiyo imelala miaka arubaini." Mkaguzi wa silaha wa polisi akachomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akautumbukiza polepole mdomoni mwa mtutu hadi ukagota, akaweka alama ya chaki pale ulipoishia. Kisha akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje, chaki ikilingana na mdomo. Ncha ilikomea upana wa vidole vinne kabla ya tundu la kuwashia. Chumba kikanyamaza. Ndani mlikuwa na baruti na marisau, vimeshindiliwa na mtu ambaye pengine alimkusudia nguruwe fulani wa shambani. Baruti nyeusi haipandi ndege, ya abiria wala ya mizigo. Na tafadhali, ukigundua hivyo nyumbani usijaribu kuichokoa. Piga simu polisi.

Sasa adhabu, maana hapa ndipo watu hubahatisha. Maelezo ya uongo kwenye nyaraka za forodha yanaangukia kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004: kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000. Kifungu cha 219 kinamruhusu Kamishna kumaliza shauri bila mahakama, mkosaji akikiri na kuomba kwa maandishi. Kwa maandishi, nasisitiza. Kulia kaunta si maandishi. Na hilo linamaliza kosa la forodha tu. La silaha linabaki polisi na lina njia yake. "Sikujua" tunalisikia kila wiki, na halijawahi kubadilisha tarakimu hizo.

Kuhusu ushuru, swali ninaloulizwa zaidi na lenye uzito mdogo zaidi: kwenye orodha ya ushuru wa forodha gobore la kawaida liko namba 9303, kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 100 kiko 9706. Kuingia 9706 hakukuondolei kibali cha silaha hata kimoja. Kinaweza kukuongezea. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa mali ya kale isiyotoka nchini bila leseni. Kenya mwaka wao ni 1895. Kitako kikiwa na nakshi ya pembe ya ndovu, yanaingia masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapo jiandae kusubiri.

Wasafirishaji nao wana yao. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka zimeandika kwenye masharti kwamba hazibebi silaha, na karani akikupokelea kwa huruma amekutia matatani, kwa sababu mzigo utashushwa njiani kwenye nchi ya tatu yenye sheria zake. Njia halali ni wakala wa forodha mwenye leseni, shirika la ndege lililokubali kwa barua kabla, kibali cha kutoa huku, kibali cha kuingiza kule au uthibitisho kwamba hakihitajiki, na picha za mihuri kwenye mtambo na mtutu.

Mihuri hiyo ndiyo ushahidi wako wa mwaka. Watu wakishaamua kutuma, huisugua bunduki kwa msasa ing'ae, wanatuletea chuma cheupe kisichosema kitu. Iacheni na kutu yake.