Projekta Haifanyi Dansi Yako Iwe ya Fani Nyingi

Naomba niseme hili mara moja nipumue: kuweka video nyuma ya mchezaji sio kuchanganya fani. Kila mtu akisikia natunga dansi, nafundisha chuo kikuu, na kazi zangu zina watu wa kompyuta na wa sayansi ndani yake, jibu ni lile lile, "aah, unacheza halafu kuna mapicha yanapita ukutani." Nilikuwa nanyamaza. Sasa safari hii aliyesema ni mwanafunzi wangu wa uzamili, jamani, ambaye nimemfundisha mwenyewe.

Tuanze na projekta maana ndo inanikera zaidi. Jicho la binadamu linakimbilia kinachong'aa na kinachosogea, kwa hiyo ukiweka picha kubwa kama ukuta inayocheza nyuma ya mtu wa kimo cha kawaida, watazamaji wataangalia picha, mchezaji wako anabaki kivuli pale chini anatoka jasho la bure. Fundi wa taa naye unamweka pabaya: akimulika mchezaji vizuri picha inafifia, akipunguza taa ili picha ionekane, uso wa mchezaji umekwenda. Wanaojua wanamulika kutoka pembeni, mwanga ukate mwili bila kugonga ukuta. Sasa hapo ndo pananifurahisha, kwa sababu taa ya pembeni ina masharti yake, wachezaji wawili wakisimama kwenye mstari mmoja na taa, aliye karibu anamfunika mwenzake, basi inabidi upange upya nani anapita wapi, saa ngapi, na ile duet yako, dansi ya watu wawili, uliyoipenda inavunjika. Taa imeingia kwenye utunzi. Hiyo ndo fani mbili zimekutana, na hata kompyuta bado hatujaiwasha.

Na wala sio mambo mapya. Mchezaji dansi Loie Fuller alikuwa anafanya haya Paris miaka ya 1890, hariri mita kwa mita, fimbo zimefichwa ndani ya mikono ya gauni, taa za umeme za rangi, mpaka vazi lake akalichukulia hataza. Zima zile taa uone kinachobaki: mwanamke anapunga vitambaa gizani. Digrii ya kwanza ya dansi Marekani, chuo kikuu cha Wisconsin, 1926, iliasisiwa na Margaret H'Doubler, mtu aliyesomea biolojia, na darasani kwake wanafunzi walianza kwa kulala sakafuni wachunguze viungo vyao vinavyofanya kazi. Kwa hiyo wale mnaoniuliza dansi imefikaje chuoni, imefika zamani, tena kwa mlango wa sayansi.

Sensa je, vile vifaa vidogo vya kunasa mwendo wa mwili? Watu wanadhani ukimvalisha mchezaji sensa basi "mwili unapiga muziki". Njooni studio. Mchezaji anainua mkono, sensa inasoma, kompyuta inapiga hesabu, spika inalia, na hapo katikati pana kuchelewa kadogo, tuseme sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye karatasi si kitu. Kwenye mwili ni balaa, maana baada ya muda mchezaji bila kujua anaanza kusubiri, mkono unafika juu na unakaa, bega limekaza, pumzi imebanwa mpaka sauti itoke, halafu ndo anaendelea. Umebadilisha dansi nzima na hukupanga. Mtu wa programu anataka kuondoa ule ucheleweshaji na ni haki yake, kwake ni kasoro. Mimi mara nyingine namwambia acha, ule mkono unaongoja ni mzuri kuliko nilichotunga. Hapo tunagombana, na ugomvi huo ndo kazi yenyewe, asiyetaka kugombana anunue projekta.

Kwa hiyo darasani nina kipimo: toa fani moja, je, nyingine inabadilika? Isipobadilika, lilikuwa pambo.

Basi kila mwaka anatokea mjanja ananiletea mtunzi wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage. Mwalimu, mbona wale walitengeneza dansi na muziki kila mmoja kivyake, wachezaji mara nyingi wanausikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho? Ni kweli. Ila mjanja huyu anachotaka ni ruhusa ya kutokutana na mpiga muziki wake mpaka siku ya mtihani! Cunningham na Cage hawakuachana hivi hivi, walikubaliana waachane. Walishika muda kama kitu cha pamoja, mazoezi yakafanyika kimya, saa ya kuhesabu sekunde mkononi, na wachezaji ilibidi wabebe muda ndani ya miili yao kwa sababu hakuna mdundo wa kuwaokoa. Muziki haukugusa hatua, lakini kutokuwepo kwake kulitengeneza aina ya mchezaji. Huo ni uhusiano mkali kuliko wa wengi wanaokaa meza moja kila jioni.

Lakini niwe mkweli, hapo kipimo changu kinapasuka. Toa muziki wa Cage, hatua zinabaki vile vile. Kwa kipimo changu ni pambo, na mimi siwezi kusema hivyo nikalala usingizi. Nimejaribu kukirekebisha, nikasema tuangalie mazoezi badala ya onyesho, ila mtazamaji hayaoni mazoezi, na mimi sitaki kutoa alama kwa kitu ambacho kinaonekana kwenye daftari tu. Maana hilo nalo lipo, mwanafunzi anaandika kurasa nzuri kweli kuhusu mchakato, nadharia zimejaa, halafu jukwaani hamna kitu, na mwingine hajui kuandika mistari miwili lakini taa, sauti na mgongo wake vinasukumana mpaka unakaa vizuri kwenye kiti. Fomu ya alama inataka niwapime kwa vigezo vile vile. Najaza. Huyo wa pili namuongezea pale kwenye "utekelezaji", kwa sababu ndo safu pekee yenye nafasi.

Yule wa uzamili niliyemtaja mwanzoni, nimemrudishia pendekezo lake la kazi ya dansi na video. Nimemwambia aje na mtu wa video, wote wawili, na kila mmoja aniambie mwenzake amemkatalia nini.