Mweupe, Mwekundu na wa Mapovu: Yanayosemwa Mezani Malindi

Malindi ni mji wa Waitaliano na mji wa mnazi, kwa hiyo wenye maneno makubwa kuhusu vinywaji hawakosekani. Msimu wa kaskazi, hoteli zikijaa, vikundi vya kuonja mvinyo huanza kuitana: mweupe, mwekundu na wa mapovu, glasi zipangwe, kila mtu atoe hukumu. Nyingi ya hukumu hizo hukatwa kabla kinywaji hakijagusa ulimi.

Kauli inayoharibu meza nyingi zaidi hapa Pwani ni kwamba mwekundu hautiwi friji, hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kipi? Kauli hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za baridi za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Malindi mwezi wa Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30. Kwa joto hilo kileo hupanda puani na kuifunika harufu ya zabibu, na mvinyo mzuri watu wakausema ni mkali. Utieni friji nusu saa kabla ya kumimina. Mweupe huonewa kwa njia nyingine: ukitolewa kwenye barafu moja kwa moja, hauna harufu wala ladha, ni ubaridi mtupu. Uachwe ufike nyuzi 8 hadi 12. Wa mapovu ndio unaotaka baridi hasa, nyuzi 6 hadi 8, kwa sababu chupa yenye joto ikifunguliwa hufoka, na kinywaji kikaishia kwenye kitambaa cha meza. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli, hata yule ambaye dini yake haimruhusu kuonja tone, ndiye anayeokoa shughuli nzima au kuivuruga.

Wengine hushikilia kuwa zabibu nyeusi hutoa mwekundu na za kijani hutoa mweupe, basi. La pili ni kweli. La kwanza si lazima. Maji ya zabibu nyeusi nyingi hayana rangi. Rangi na ule ukakasi unaokausha fizi hutoka kwenye maganda. Ukikamua na kuyatenga maganda mapema, unapata mweupe. Zabibu kuu za jimbo la Champagne nchini Ufaransa, kunakotoka shampeni, ni tatu, na mbili kati yake, Pinot Noir na Meunier, ni nyeusi.

Na rangi hiyo hiyo ndiyo inayotudanganya. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walitoa matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mwekundu. Hao ni wasomi wa kazi yenyewe, sembuse sisi tuliokuja na njaa! Kwa hiyo funikeni chupa kwa leso, bei na jina visionekane, kisha ndipo mbishane.

Kuna na hili la kuita kila chenye mapovu shampeni. Anayeujua mnazi hahitaji darasa refu. Tembo la asubuhi ni tamu na lina povu. Kufikia jioni hamira imekula sukari, utamu umepungua na kileo kimepanda. Povu lile ni gesi ya uchachukaji. Kule Champagne gesi hiyo hufungiwa chupani: mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa sukari na hamira, ukafungwa, ukachachuka mara ya pili humo humo. Prosecco, ambayo wageni wetu wa Italia huiagiza kuliko maji, hutoka kaskazini mashariki mwa nchi yao, hasa kwa zabibu iitwayo Glera, na kwa kawaida huchachushwa mara ya pili ndani ya tangi kubwa. Ndiyo sababu hunukia matunda zaidi kuliko mkate, harufu ambayo shampeni huipata kwa kukaa na hamira chupani. Si shampeni ya bei nafuu. Ni kinywaji kingine, na kuzishindanisha ni kuzionea zote mbili. Ile hadithi ya mtawa Dom Pérignon kuvumbua mapovu nayo ipunguzwe chumvi. Yeye aliingia monasteri ya Hautvillers, huko Champagne, mwaka 1668. Mwingereza Christopher Merret alikwisha kuieleza Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, mwaka 1662 jinsi sukari inavyoufanya mvinyo utoe povu.

Angalieni pia lebo ya mvinyo wa mapovu. Chupa iliyoandikwa Extra Dry, yaani “mkavu zaidi”, ni tamu kuliko ya Brut: Brut haifiki gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ina 12 hadi 17.

Kichwa kikiuma, lawama huangukia salfaiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo, za mwekundu. Sheria za Ulaya huruhusu miligramu 150 kwa lita katika mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, na 200 katika mweupe mkavu, kwa hiyo lawama hizo zimekosea mlango. Anzeni kwa kuuliza mlikunywa glasi ngapi, na maji kiasi gani.

Samaki na mweupe? Mara nyingi ni sawa, lakini si amri. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kuwa chuma kilichomo kwenye baadhi ya mivinyo, hasa myekundu, ndicho kinacholeta ile shombo mdomoni. Mwekundu mwepesi wenye chuma kidogo hauna ubaya kwa samaki wa kupaka. Cha kuogopa zaidi ni pilipili: kileo kingi huichochea, na hapo mweupe wenye utamu kidogo ndio unaofaa.

Kuhifadhi chupa miaka ili inoge, achaneni nako. Mivinyo mingi hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, na kabati la Malindi huiua mapema zaidi. Kizibo kilichojisukuma juu na kuacha utelezi unaonata shingoni mwa chupa ni dalili ya joto, si ya umri.

La mwisho ni kutema. Wengi huona ni utovu wa adabu, kumbe kwenye meza ya kuonja ndiyo adabu yenyewe. Chombo cha kutemea huwekwa makusudi. Mililita 50 za kila aina, aina sita, ni mililita 300, karibu glasi mbili kamili, na chakula bado hakijaja. Anayetaka kumeza ameze, ila tuktuk aiagize mapema.