Nani Mwenye Kauli katika Shule za Winooski?

Mzazi mgeni anayetafuta nyumba ya kupanga Winooski huona kwenye tovuti za nyumba kwamba shule za mji huo zimepewa alama ya chini. Anaingiwa na wasiwasi, kisha anatuuliza sisi wa ushauri wa elimu kwa familia: nihamie mji wa jirani kwa ajili ya watoto? Swali hilo ni la haki kabisa. Ila ile alama haisemi shule inaendeshwa na nani, wala mtoto wako akiingia leo atafika wapi baada ya miaka mitatu. Mambo hayo mawili ndiyo yanayostahili kujulikana kabla ya kufunga mizigo.

Winooski ni mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, uliotenganishwa na Burlington na mto tu. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 7,997. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya sufu vilivyoajiri wahamiaji wengi kutoka Quebec, Kanada. Viwanda vilifungwa mwaka 1954. Wahamiaji wa leo wanatoka Kongo, Somalia, Nepal, Myanmar na kwingineko, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zilikaa miaka kadhaa kambini Tanzania, Burundi, Uganda au Rwanda kabla ya kufika. Wilaya ya shule ya mji huu ina wanafunzi karibu 800, kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili, wote katika eneo moja. Ndiyo wilaya pekee ya Vermont ambayo wanafunzi wengi si Wazungu.

Neno wilaya lisikuchanganye. Hapa si eneo la mkuu wa wilaya wala halmashauri. Wilaya ya shule ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi yake, bajeti yake na uchaguzi wake, tofauti hata na serikali ya mji. Kwetu shule huongozwa kutoka mbali. Kenya walimu ni wa TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), Tanzania serikali ndiyo inayowapangia vituo, na Kongo shule nyingi za umma ziko mikononi mwa makanisa kwa mkataba na serikali. Mzazi amezoea kwamba akilalamika, mwalimu mkuu atamwambia mambo hayo yako juu. Winooski, hayo ya "juu" yako kwa watu unaopishana nao dukani. Bodi ya shule ni wakazi wa kawaida waliochaguliwa kwa kura za majirani zao. Bodi humwajiri msimamizi mkuu wa shule, ambaye tangu 2023 ni Wilmer Chavarria, mhamiaji kutoka Nicaragua. Msimamizi mkuu ndiye anayewasimamia wakuu wa shule, na wao huwasimamia walimu.

Kwa hiyo ujue mlango wa kubisha. Mtoto anaonewa darasani, au hujaelewa ripoti yake: nenda kwa mwalimu, kisha kwa mkuu wa shule. Bodi kwa kawaida haishughuliki na jambo la mtoto mmoja. Kazi yake ni sera na fedha, na sera si makaratasi tu. Februari 2025 bodi hii ilipitisha sera inayowaelekeza wafanyakazi la kufanya maafisa wa uhamiaji wakifika shuleni, na ilikuwa wilaya ya kwanza Vermont kufanya hivyo. Wajumbe wachache wa mji mdogo ndio walioamua, baada ya mikutano ambayo mkazi yeyote angeweza kuhudhuria.

Sasa tuje kwenye fedha, sehemu ambayo wazazi wetu wengi huiacha kwa kudhani ni ya wenye nyumba peke yao.

Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Vermont iliamua, katika kesi ya Brigham, kwamba mtoto asipunjwe elimu kwa sababu tu amezaliwa katika mji maskini. Tangu hapo jimbo zima lina mfuko mmoja wa elimu. Wapiga kura wa kila wilaya huidhinisha bajeti yao, mfuko wa jimbo unalipa, na kiwango cha kodi ya majengo (ile wanayotozwa wenye nyumba, si ya pango) katika mji husika kinategemea matumizi ya wilaya kwa kila mwanafunzi. Ila wanafunzi hawahesabiwi kwa vichwa. Wanahesabiwa kwa uzito, maana kumfundisha mtoto anayeanza Kiingereza kunagharimu zaidi.

Chukua mtoto mmoja wa darasa la saba, anayejifunza Kiingereza, kutoka familia yenye kipato kidogo. Anaanza na 1. Kwa kuwa yuko kati ya darasa la sita na la nane, anaongezewa 0.36. Kwa kipato cha familia, 1.03. Kwa lugha, 2.49. Jumla yake 4.88. Uzito huu uliwekwa na sheria namba 127 ya mwaka 2022. Kabla ya hapo nyongeza ya lugha ilikuwa 0.20 tu, yaani kwa miaka mingi jimbo lilihesabu kana kwamba kumfundisha mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kunagharimu karibu sawa na mtoto mwingine yeyote. Wilaya kama Winooski ziliumia kwa hesabu hiyo: zikitaka kuongeza walimu wa lugha, kodi ilipanda kuliko mji wao ungeweza kubeba.

Uzito si fedha taslimu zinazomfuata mtoto. Unafanya kazi kwenye kugawanya. Tuseme, kwa mfano tu, wilaya inatumia dola milioni 20. Ukigawanya kwa wanafunzi wenye uzito wa jumla 1,000, kila mmoja ana dola 20,000. Ukigawanya kwa 2,000, inabaki dola 10,000, na hiyo ndogo ndiyo inayoshusha kiwango cha kodi. Mji unapata nafasi ya kuajiri bila kuwakamua wakazi.

Hapo ndipo karatasi mbili ndogo zinapokuwa na thamani kubwa. Ya kwanza ni fomu ya kipato cha familia. Kwa sheria ya mwaka 2023 chakula cha shule ni bure kwa watoto wote wa shule za umma Vermont, na mzazi hujiuliza ajaze fomu ya nini wakati mtoto anakula. Ijaze. Mtoto ambaye kipato cha familia yake hakijulikani anaweza kukosa kuhesabiwa ile 1.03. Ya pili ni fomu ya lugha ya nyumbani mnayopewa siku ya kuandikisha. Wapo wazazi wanaoandika "Kiingereza" wakiogopa mtoto atarudishwa nyuma au atatengwa. Andika lugha mnayozungumza kweli, iwe Kiswahili, Kibembe au Kinyamulenge. Bila hivyo mtoto hapimwi, asipopimwa hapewi mwalimu wa lugha, na wilaya inakosa ile 2.49.

Hesabu hii huenda isidumu. Sheria namba 73 ya mwaka 2025 imeelekeza jimbo kwenye mfumo mwingine wa fedha na kwenye wilaya kubwa zenye maelfu ya wanafunzi. Kwa wilaya ya wanafunzi 800, hilo ni suala la kuwepo au kutokuwepo. Wazazi wa Winooski wana kila sababu ya kulifuatilia kwa karibu, kwa sababu bodi ikihamia mbali, sauti yao haitaifikia kwa urahisi.

Na ufaulu? Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 2015 inalazimisha kila jimbo kuwapima watoto hesabu na kusoma kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja sekondari. Matokeo ya Winooski kwa ujumla yako chini ya wastani wa Vermont. Hilo ni kweli na hatulifichi. Ila tazama wastani huo umetengenezwa na nani. Mgeni anaweza kusamehewa mtihani mmoja wa kusoma katika mwaka wake wa kwanza Marekani. Baada ya hapo anakaa mtihani uleule na mtoto aliyezaliwa Vermont. Akiimudu lugha anatoka kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza, na nafasi yake inachukuliwa na aliyefika wiki iliyopita. Sheria inaruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliotoka kwa muda usiozidi miaka minne, lakini kundi kwa asili yake hupoteza waliofaulu na kupokea wanaoanza. Alama ya kundi inaweza kusimama palepale huku kila mtoto ndani yake akipanda.

Kuhitimu nako kuna mtego wake. Kipimo kikuu ni kumaliza sekondari ndani ya miaka minne. Kijana aliyefika na miaka kumi na sita, aliyekatizwa masomo na vita, akimaliza kwa miaka mitano amefanya kazi kubwa ya kusifiwa, ila katika kipimo hicho anahesabiwa kuwa hakuhitimu kwa wakati. Kisha kuna udogo wenyewe: darasa la wanafunzi 50, mmoja ni asilimia mbili. Familia tatu zikihama, takwimu zinaruka, na shule haijabadilika chochote.

Haya si utetezi wa shule. Mzazi anayo haki ya kudai, na mahali pa kudai ni kwenye karatasi ya mtoto wake mwenyewe. Kila mwaka mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hupimwa mambo manne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Omba matokeo ya mwaka huu na ya mwaka jana, yaweke mezani pamoja. Mara nyingi utaona kuzungumza kumepanda haraka, kusoma na kuandika kunasuasua. Mtoto anayekutafsiria kwa daktari bila kugugumia anaweza bado asielewe kitabu cha sayansi. Kiingereza cha masomo huchukua kwa kawaida miaka mitano hadi saba. Lakini ukiona kiwango cha kusoma kimesimama miaka miwili mfululizo, usikubali kuambiwa "ataelewa taratibu". Uliza anapata saa ngapi za mwalimu wa lugha kwa wiki, na nini kitabadilishwa. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Lau mwaka 1974, shule haiwezi kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha na kusema imetimiza wajibu. Katika kikao hicho una haki ya mkalimani mtu mzima bila malipo. Usikubali mwanao akutafsirie habari zake mwenyewe. Wilaya ina wafanyakazi wa kuunganisha shule na familia kwa lugha zao, Kiswahili kikiwemo.

Kwa mambo ya wilaya nzima, kalenda ndiyo siri. Bodi huanza kuandaa bajeti msimu wa majani kupukutika na kuikamilisha mwezi Januari. Atakayeuliza Machi kwa nini hakuna mwalimu wa ziada wa lugha amechelewa, kwa sababu wakati huo karatasi ya kura ina swali moja tu: je, wapiga kura wanaidhinisha bodi itumie dola kiasi hiki kwa mwaka ujao wa fedha? Ndiyo au hapana. Hakuna kisanduku cha "ndiyo, ila muongeze mwalimu". Neno hilo linasemwa Novemba na Desemba, kwenye mikutano ya bodi. Sheria ya Vermont inataka ajenda ya mkutano wa kawaida itangazwe saa 48 kabla, na umma upewe nafasi ya kusema. Dakika mbili zenye ombi moja lililo wazi zinatosha, na ukitaka mkalimani toa taarifa mapema.

Kura yenyewe hupigwa Jumanne ya kwanza ya Machi. Mwaka 2020 wapiga kura wa Winooski waliamua kwamba wakazi halali wasio raia washiriki chaguzi za mji na za shule. Gavana alikataa, bunge la jimbo likabatilisha kataa lake Juni 2021, na Machi 2022 wakaanza kupiga kura. Mkimbizi aliyepokewa kisheria na mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) wamo, hata kama wamepanga na hawana nyumba. Mnajiandikisha kwa karani wa mji. Hapo kuna jambo moja la kulishika kwa mikono miwili: ruhusa hiyo inahusu karatasi ya mji na ya shule peke yake. Asiye raia akipiga kura ya rais, ya bunge au ya jimbo, hata kwa bahati mbaya, anaweza kupoteza haki ya uraia na kufukuzwa nchini. Mwambie karani waziwazi kwamba wewe si raia, hakikisha umeandikwa kwenye orodha ya wasio raia, na ukipewa karatasi yenye majina ya wagombea wa jimbo au taifa, irudishe palepale bila kuiwekea alama.