Repertwari: kwa nini Armstrong alifika Lubumbashi na Florence Price hakufika

Repertwari ni jumla ya kazi ambazo kwaya, okestra au mpiga ala anazijua, ana karatasi zake, na anaweza kuzitoa akiombwa kesho. Hapa Lubumbashi kitu hicho kinashikika mkononi: ni farde (jalada la makaratasi) ya maestro wa kwaya, imevimba kwa fotokopi za fotokopi, nota nyingine zimefifia hata sauti ya kwanza wanaimba kwa kukumbuka tu. Ndani mna misa za Kiswahili, mna nyimbo za Noeli, na aghalabu mna Alleluia ya Händel. Ukiuliza kwa nini Händel, utajibiwa kwamba ni mtamu. Ni kweli. Ila ameingia kwenye farde kwa sababu maestro aliyetangulia alikuwa naye, na huyo alimpata kwa mapadri, na mapadri walitoka Ulaya ambako nota zake zimekuwa zikichapwa na kuuzwa tangu karne ya 18.

Maana ya pili ni pana zaidi. Watu wakisema "repertwari ya klasiki" huwa wanakusudia orodha isiyoandikwa popote lakini inayofuatwa na okestra za dunia nzima: Bach, Mozart, Beethoven, Brahms na wenzao. Kutokana na orodha hiyo wengi wetu tumekua tukiamini kwamba klasiki ni mali ya Wazungu na jazi ni mali ya Weusi, utadhani kuna mzee aliyekaa akagawa urithi. Weusi wamo katika klasiki tangu enzi za Mozart mwenyewe. Kilichowatoa kwenye orodha ni namna orodha inavyojengwa.

Inajengwa kwa kunakili. Kazi ikipigwa mara nyingi, mchapaji huona faida na huichapa. Ikishachapwa, mwalimu humpa mwanafunzi. Mwanafunzi akiwa kiongozi wa okestra, huipiga tena. Ikikosa kupigwa kwa kizazi kimoja tu, kizazi kinachofuata hakina pa kuisikia, na kisichosikika hakiombwi.

Mtazame Joseph Bologne, anayejulikana kama Chevalier de Saint-Georges. Alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745. Baba yake alikuwa tajiri wa mashamba, mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa. Paris ilimjua kwa upanga na kwa fidla. Mwaka 1776 jina lake lilipotajwa kuongoza Opera ya Paris, baadhi ya waimbaji na wacheza dansi wa kike walimwandikia Malkia Marie-Antoinette kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri za chotara. Mpango ukavunjika. Miaka kumi hivi baadaye, Haydn alipotunga simfonia zake sita za Paris, aliyeongoza okestra iliyoziagiza alikuwa Saint-Georges huyuhuyu. Simfonia za Haydn ziko kwenye repertwari hadi leo. Konchato za fidla (kazi za fidla moja mbele ya okestra) za aliyezisimamia zilikaa kabatini karibu miaka mia mbili.

Kisa cha George Bridgetower kinaonyesha jambo hilo kwenye karatasi moja. Tarehe 24 Mei 1803, mjini Vienna, Bridgetower, mpiga fidla aliyekuwa na baba Mweusi, alipiga na Beethoven sonata mpya ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Nota za fidla za sehemu ya pili zilikuwa hazijanakiliwa, kwa hiyo alisoma kwenye muswada wa Beethoven mwenyewe. Na katika sehemu ya kwanza, kwa simulizi yake, alibuni papo hapo kipande cha kuijibu piano, na Beethoven akaruka kitini kumkumbatia. Baadaye wakakosana. Sonata ilipochapwa mwaka 1805 jina lililowekwa juu lilikuwa la Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye inasemekana hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Ndiyo maana leo dunia nzima inasema "Sonata ya Kreutzer". Kile kipande alichobuni Bridgetower hakikuwahi kuwa sehemu ya sonata inayopigwa leo. Kingekuwa cha mpiga tarumbeta wa karne ya 20, pengine tungekuwa tunakisikiliza kwenye simu.

Hapo ndipo jazi inapoachana na klasiki. Jazi nayo ina repertwari, tena kali: mpiga saksofoni asiyejua nyimbo kadhaa za kawaida hapewi nafasi jukwaani. Lakini haikutunzwa kwa karatasi, ilitunzwa kwa sahani za gramafoni. Mwezi wa nne mwaka 1923, bendi ya King Oliver iliingia studio moja ya Richmond, Indiana, ikiwa na kijana Louis Armstrong kwenye korneti ya pili, ala ya jamii ya tarumbeta. Maikrofoni ya umeme ilikuwa bado. Wote walipigia mdomo wa pembe kubwa moja, na inasimuliwa kwamba Armstrong aliambiwa asimame nyuma kwa kuwa sauti yake ilikuwa inawafunika wengine. Kilichobaki siku hiyo ni sauti nzima: pumzi, kuchelewa kidogo kwa makusudi, kile ambacho nota haziwezi kukiandika. Hakuhitaji kamati ya opera wala mwalimu wa chuo. Alihitaji gramafoni.

Sahani pia haikugawa haki sawasawa: rekodi ya kwanza ya jazi kuuzwa, mwaka 1917, ilikuwa ya bendi ya Wazungu watupu. Lakini sahani husafiri bila kuomba ruhusa. Armstrong alipokuja Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu, Novemba 1960, katika ziara iliyopangwa na serikali ya Marekani, Katanga ikiwa imejitenga chini ya Tshombe, walikuwepo watu waliokwisha kumjua kwa sikio. (Siasa ya ziara ile ni habari nyingine, na si nzuri. Lumumba alikuwa amezingirwa nyumbani kwake Léopoldville, na Januari iliyofuata aliuawa karibu na mji huu.)

Florence Price, mtunzi Mweusi wa Marekani, hakuwa na sahani za namna hiyo. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, na tarehe 15 Juni 1933 Okestra ya Simfonia ya Chicago ilipiga Simfonia yake Na. 1: mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke Mweusi. Sikiliza sehemu ya tatu. Inaitwa Juba, jina la ngoma ya watumwa waliopiga mapaja, vifua na viganja, kwa kuwa mabwana wengi waliogopa ngoma za kweli na kuzipiga marufuku. Price hakuweka mapaja jukwaani. Mwendo ule ule ameukabidhi kwa fidla, zinarukaruka juu ya besi inayokwenda hatua kwa hatua. Mtu wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, atatikisa kichwa kabla hajaambiwa chochote.

Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akianza kwa kutaja vikwazo vyake viwili: kuwa mwanamke, na kuwa na damu ya Kiafrika. Alimwomba azihukumu nota zenyewe tu. Koussevitzky hakupiga hata moja ya simfonia zake. Price alifariki mwaka 1953. Mwaka 2009, katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, mti umeangukia paa, walionunua nyumba hiyo walikuta marundo ya miswada: konchato mbili za fidla, Simfonia Na. 4, na mengine mengi. Ingekuwa mvua imepata tundu lililo karibu zaidi na makaratasi, leo tusingekuwa na cha kuzungumza. Repertwari ya klasiki inategemea paa la nyumba kuliko tunavyopenda kukubali.

Wapo waliokwama katikati. Scott Joplin, mfalme wa ragitaimu, muziki wa piano uliotangulia jazi, alichapa opera yake Treemonisha kwa fedha zake mwaka 1911. Ilipandishwa jukwaani kikamilifu mwaka 1972, yeye akiwa kaburini tangu 1917. Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, alipeleka kazi yake ndefu Black, Brown and Beige kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1943, ikabezwa na wahakiki wa pande zote: kwa hawa haikuwa simfonia, kwa wale haikuwa jazi.

Katanga nayo ina visa vyake. Misa Luba iliimbwa Kamina, kwenye reli ya kwenda Ilebo, na kurekodiwa mwaka 1958. Waimbaji walikuwa wakibuni sauti kwa pamoja juu ya mitindo ya kwao, ila jina lililozunguka duniani ni la padri Guido Haazen, Mbelgiji aliyewaongoza. Masanga, wimbo wa gitaa wa Jean Bosco Mwenda, ilinaswa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, na wapiga gitaa wa mabara mengine wanahangaika nayo hadi leo kidole kwa kidole. Na Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki aliyekuwa waziri wa elimu wa Katanga? Alitunga kwa nota, kama Price. Wanaomkumbuka humkumbuka zaidi kwa wimbo wa taifa lililodumu chini ya miaka mitatu.

Mtu angedhani okestra ya Waafrika ingeanza na Waafrika. Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na ala chache, waya ya breki ya baiskeli ikisimama badala ya uzi wa fidla, na nota zikinakiliwa kwa mkono. Walichokuja kujulikana nacho ni Beethoven na Händel. Simlaumu mtu: ukinakili kwa mkono usiku, unanakili kilichokufikia.

Siku hizi vinavyofikia vimeongezeka, ingawa si kwa usawa. Nota za Saint-Georges ziko bure kwenye maktaba ya intaneti ya IMSLP, lakini zinataka fidla nyingi, na fidla Lubumbashi ni za kutafuta kwa tochi. Haki za Price zilichukuliwa mwaka 2018 na kampuni ya uchapaji ya New York, na nota za okestra za simfonia zake hukodishwa kwa dola. Kwa mwenye kinanda kimoja cha parokia, pa kuanzia ni Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1875 kwa baba daktari wa Sierra Leone. Mwaka 1905 alichapa vipande 24 vya piano vilivyotokana na nyimbo za Waafrika na za Weusi wa Marekani. Vya mwanzo amevitoa kwa Baronga wa Msumbiji, vina kurasa chache tu kila kimoja, na fotokopi yake haizidi bei ya mkate.