Asilimia ya nini? Udongo si mahindi

"Shikamoo injinia, samahani kwa usumbufu wa usiku. Swali la tatu limekosewa, wameandika unyevu wa udongo asilimia 180. Maji yatazidije asilimia mia?"

Marahaba. Halijakosewa.

Huu ni ujumbe wa nne wa aina hii tangu ratiba ya mitihani ya uhandisi wa udongo ibandikwe. Watatu wa kwanza niliwajibu mmoja mmoja, kwa upole. Upole umekwisha, kwa hiyo naandika hapa mara moja tu, na wa tano nitamtumia kiungo nikalale.

Tuanze na kikopo, maana mambo yote yamo humo. Chukua kikopo namba 14, namba yenyewe imechorwa kwa msumari kwa sababu ya kalamu hufutika kwenye oveni. Kikiwa kitupu kina gramu 21.4. Kikiwa na udongo mbichi, 68.9. Unakiacha kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110 mpaka kesho yake, unakipima tena: 59.1. (Nasema uzito kwa gramu, mwalimu wa fizikia anisamehe.) Maji yaliyoondoka ni gramu 9.8. Hapo kila mtu yuko sawa. Vurugu inaanza kwenye kugawanya.

Kuna anayegawa kwa 59.1 akapata asilimia 16.6. Huyo amehesabu bati la kikopo kuwa ni udongo, tumwombee. Kuna anayegawa kwa 47.5, uzito wa udongo mbichi, akapata 20.6, na huyu ndiye anayeninyima usingizi kwa sababu anajiamini. Jibu ni 9.8 kugawa kwa 37.7, uzito wa udongo mkavu peke yake: asilimia 26.0. Na kikopo kitupu kipime upya kila safari. Ile 21.4 iliyoandikwa daftarini mwaka juzi haijui kutu wala tope lililoganda kwenye ukingo.

Kwa nini mkavu? Kwa sababu chembe haziongezeki mvua ikinyesha. Weka gramu 100 za udongo mkavu kwenye karai. Mimina maji gramu 20, unyevu ni 20. Ongeza 20 nyingine, ni 40. Endelea mpaka maji yafike gramu 180, unyevu ni 180, na karai halijapasuka wala sheria ya maumbile haijavunjwa. Ungegawa kwa uzito wote ungepata 16.7, halafu 28.6, halafu 64.3. Umeongeza maji yaleyale mara mbili mwanzoni, lakini hatua ya kwanza imekupa 16.7 na ya pili 11.9. Futi inayorefuka kila unapopima huwezi kushonea suruali.

Najua ugonjwa huu unatoka wapi. Wengi wetu neno "unyevu" tumelikuta kwanza kwenye mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5, na hiyo ni asilimia ya mahindi yenyewe kama yalivyo kwenye gunia, maji na vyote. Gunia la kilo 100 lina maji kilo 13.5 na kilo 86.5 zilizobaki ni kavu. Mfanyabiashara ana haki yake: ananunua gunia zima, anataka kujua ni sehemu gani ya fedha yake inalipia maji. Kwa hesabu yake asilimia mia ni maji matupu, na kuvuka mia haiwezekani. Mahindi hayohayo ukiyapeleka maabara yetu yatasoma 15.6, na hakuna aliyekosea. Mafundi wa mbao wako upande wetu, wanagawa kwa ubao mkavu, na gogo lililokatwa leo linaweza kupita mia bila mtu kupiga kelele.

Kwa hiyo ukiona 180 usilaumu mchapaji. Udongo wa kinamasi wenye mizizi na majani yaliyooza hufika huko na kupita mbali. Sehemu za Mexico City zimekalia mfinyanzi wa ziwa la kale ambao unyevu wake unafika asilimia 300 na zaidi. Jiji linadidimia, ndiyo, lakini hesabu iko sawa.

Sasa madhara yake kwenye karatasi ya mtihani. Swali la kawaida kabisa: kipande cha mfinyanzi kina gramu 850, ujazo sentimita za ujazo 460, unyevu (w) asilimia 25, Gs, yaani chembe zina uzito mara ngapi wa maji ya ujazo uleule, ni 2.70. Tafuta uwiano wa matundu (e, ujazo wa matundu kwa ujazo wa chembe) na kiwango cha kujaa maji (S, sehemu ya matundu yenye maji).

Mtu wa mahindi anasema maji ni robo, kwa hiyo kavu ni 850 mara 0.75, yaani 637.5, na maji ni 212.5. Haya, gawa maji yako kwa kavu yako: 212.5 kwa 637.5 ni asilimia 33. Umepewa 25, umetoka na 33, na bado hujashtuka! Hiyo gawanyo moja ya sekunde tano ingekuokoa alama zote nane. Kwa njia halali, 850 ni kavu pamoja na robo ya kavu, yaani kavu mara 1.25. Kavu ni 680, maji ni 170. Chembe zinakalia 680 kugawa kwa 2.70, sawa na 251.9. Matundu ni 460 kutoa 251.9, sawa na 208.1. Uwiano wa matundu e ni 0.83. Maji yanajaza 170 kati ya 208.1, S ni kama asilimia 82. Mtu wa mahindi atakwambia 95, yaani udongo unakaribia kujaa kabisa, na hapo ataanza kukuandikia mambo ya maji kushindwa kutoka.

Angalia kwamba sikutumia fomula hata moja ya kukariri. Nilichora visanduku vitatu, hewa juu, maji katikati, chembe chini, nikajaza uzito upande mmoja na ujazo upande wa pili. Wadogo zangu mnakuja na karatasi yenye fomula ishirini na mbili. Chora visanduku. Ukipewa asilimia tupu bila uzito wala ujazo, sema ujazo wa chembe ni 1: matundu yanakuwa e, maji yanakuwa Se (S mara e) kwa ujazo na wGs (w mara Gs) kwa uzito, na kwa kuwa uzito mahsusi wa maji ni 1, Se = wGs imezaliwa mbele ya macho yako. Imekwisha. Hiyo moja ukitaka ikariri.

Nikirudi kwenye kero yangu. Mtu akiniambia "injinia, tofauti si ndogo tu?" namsimulia safu moja ya moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara. Nilikuwa kijana, barabara sitaitaja. Vijana wa maabara wamechimba kashimo kwenye safu iliyoshindiliwa, wamepima udongo uliotoka, wamejaza shimo kwa mchanga unaojulikana ili wapate ujazo. Msongamano mbichi gramu 2.05 kwa sentimita ya ujazo, unyevu asilimia 14. Msongamano mkavu wa juu kabisa uliopatikana maabara ni 1.88, mkataba unataka asilimia 95 ya huo. Mtu mmoja mwenye kofia nyeupe akazidisha 2.05 kwa 0.86, akapata 1.763, sawa na 93.8. Imefeli. Safu ikafumuliwa. Greda likarudi, boza likarudi, rola likarudi, dizeli ikaungua mpaka magharibi. Jioni nikarudia hesabu kwa penseli: 2.05 kugawa kwa 1.14 ni 1.798, sawa na 95.6. Safu ilikuwa imepita tangu asubuhi. Mwenye kofia nyeupe hakuniambia kitu kwa wiki nzima, na mimi ndiye niliyekuwa natafuta lifti ya kurudi kambini kwenye gari lake.

Kidogo kuhusu kuongeza maji, maana swali hili halikosekani. Una kilo 3,000 za udongo wenye unyevu wa 8, unataka 14. Usizidishe 3,000 kwa 0.06. Kavu ni 3,000 kugawa kwa 1.08, sawa na 2,778, na maji ya kuongeza ni asilimia 6 ya hizo, lita 167. Wa mahindi anamwaga 180. (Kwenye saiti jua litakunywa lita kadhaa kabla rola halijafika, lakini msahihishaji hajui jua.)

Mkazo fanisi, ule unaobebwa na chembe zenyewe, naupitia mbio, haunitesi sana. Mkazo wote toa shinikizo la maji. Maji yako meta 2 chini, mchanga una kilonyutoni 18 kwa meta ya ujazo juu ya maji na 20 chini yake, tunataka kina cha meta 6. Mkazo wote ni 36 na 80, jumla 116. Shinikizo la maji ni 4 mara 9.81, sawa na 39.2. Fanisi ni 76.8. Ukitumia 10 badala ya 9.81, iandike na usibadilishe katikati ya swali. Na mtego wanaoupenda: maji yako usawa wa ardhi, mafuriko yakapanda meta 3 juu yake, mkazo fanisi unaongezeka kiasi gani? Sifuri. Vyote viwili vimepanda sawasawa.

Sasa yale ambayo vitabu vinapita navyo kimyakimya. Ile 2.70, unadhani nani aliipima? Mara nyingi hakuna. Mtu ameiandika kwa sababu mfinyanzi "huwa" 2.70 na mchanga "huwa" 2.65. Udongo wetu mwekundu wenye chuma unaweza kukaribia 2.9. Rudi kwenye kile kipande cha gramu 850 na ubadilishe Gs tu: kwa 2.65, S inakuwa 83.6, kwa 2.80 inakuwa 78.3. Halafu wewe unaniandikia S = 81.67% kwa desimali mbili! Kwenye mtihani andika 82. Kazini mimi huandika "karibu 80" na bado nakuwa na wasiwasi, hasa ujazo ukiwa umetokana na kipande kilichopakwa nta ili kizamishwe majini, na aliyekipaka ni mtu aliyekuwa anaharakia chakula cha mchana.

Lakini shaka yangu kubwa iko kwenye oveni yenyewe. Tunasema "mkavu" kana kwamba ni kitu kimoja. Bwawa la Sasumua nchini Kenya, linalopeleka maji Nairobi, lilijengwa miaka ya 1950 kwa mfinyanzi wa volkano wenye madini ya haloisaiti. Unyevu wake ulikuwa mkubwa na msongamano mkavu mdogo kiasi cha kumtisha mhandisi yeyote aliyelelewa na udongo wa Ulaya, lakini udongo wenyewe ulikuwa imara na haupitishi maji ovyo. Karl Terzaghi, ambaye taaluma yetu inamwita baba yake, aliandika kuhusu bwawa hilo mwaka 1958. Haloisaiti mbichi inashika maji katikati ya matabaka ya madini yenyewe. Oveni ya nyuzi 105 inayatoa hayo nayo, tunayahesabu kama maji ya kwenye matundu, na ukimwagia udongo maji tena hayarudi yalikotoka. Je, yale ni maji au ni sehemu ya chembe? Ile w niliyoitetea kwa ukali tangu mwanzo, kwa udongo wa namna hii inategemea umeweka oveni nyuzi ngapi. Mimi hukausha sampuli mbili, moja kwa joto la chini zaidi, nikilinganisha. Zikitofautiana sana naandika zote mbili na kumwachia bosi maumivu ya kichwa. Kwenye mtihani usiyataje haya. Gawa kwa mkavu, chukua alama zako.

Basi, lile swali la tatu. Udongo wa kinamasi uliojaa maji kabisa, w ni asilimia 180, Gs 2.5. S ni 1, kwa hiyo e ni 1.8 mara 2.5, sawa na 4.5. Visanduku: chembe 1, maji 4.5, jumla 5.5. Uzito: chembe 2.5, maji 4.5, jumla 7. Msongamano ni 7 kugawa kwa 5.5, sawa na 1.27, umezidi maji kidogo tu. Hakiki: 4.5 kwa 2.5 ni 1.8. Imerudi nyumbani.

Nilimtumia kijana picha ya karatasi. Saa sita na robo usiku akajibu: "Asante sana injinia, nimeelewa. Ila hiyo 2.5, na majani yote yale yaliyooza, waliipataje?"

Nikamwambia alale.