John Wayne hakuibuka ghafla mwaka 1939
Wengi huamini kwamba John Wayne, mwigizaji wa Marekani, alikuwa mgeni katika sinema alipong'ara katika filamu ya Stagecoach mwaka 1939. Sivyo: kati ya 1933 na 1935 pekee aliigiza filamu 16 za makauboi za gharama ndogo za kampuni ya Lone Star, chini ya mtayarishaji Paul Malvern. Fedha zilikuwa haba kiasi kwamba Yakima Canutt, mtaalamu wa kuigiza matukio ya hatari, aliigiza adui na papo hapo kuchukua nafasi ya Wayne katika matukio ya hatari, hivyo mara nyingine alijikimbiza mwenyewe. Huko ndiko wawili hao walikonoa mbinu ya ngumi inayopita kando ya shavu, huku pembe ya kamera ikimfanya mtazamaji aamini kuwa imetua.